Mwezi wa Jirani

Saa tano asubuhi hapa Shela ya Malindi
ni saa tisa alasiri kwa nyanya, Madura,
na nyanya, ndani ya kioo cha simu, anatafuna.
Anatafuna mbele yetu sisi tuliofunga!
Kwao iddi imeingia. Kwetu ni thelathini,
mwezi jana uligoma kutoka,
na mama ameishika simu kama kifuniko cha moto.
"Sasa mimi nafunga kwa mwezi wa nani?"
Baba, viatu vyeupe kwa chumvi ya Gongoni,
asema bila kuinua kichwa:
"Kwa mwezi wa jirani."

Chumvi ndiyo iliyotuleta.
Baba hujua ni lini maji yamechoka kuwa maji:
huchovya kidole, huonja, hutema, huandika.
Aliitwa kwa miaka miwili. Huu ulikuwa wa saba.
Mtaani tuliitwa Wachina,
na hata kaka yangu Fauzan aliposhinda mashindano ya Kurani
"Mchina amehifadhi!" walipiga kelele,
wakambeba mabegani.

Mama Kiswahili chake hakikuwa na ngeli.
Nyumba wangu, mtoto kizuri, nazi amekauka.
Sokoni walimwelewa, walimpenda,
walimzidishia bei ya muhogo, kidogo tu, kwa adabu.
Na alipokaanga ule uduvi wetu
uliopondwa, ukavundikwa, ukaanikwa,
dirisha la Bi Mwanatumu lilifungwa: pa!
Ramadhani nzima sahani ilivuka ukuta huo huo,
ikija na kaimati, ikirudi na ndizi za nazi,
haikurudi tupu hata siku moja,
na dirisha likafungwa vilevile.

Kitsao mgema alishangaa:
"Makuti machanga? Haya hata banda la kuku hayaezeki."
Mama akasuka. Wa kulia juu, wa kushoto chini,
vifumba vya ukubwa wa ngumi, mchele nusu yake,
vikachemka usiku kucha
huku takbira zikizunguka mitaa.
Changu kilipasuka.
Cha Fauzan hakikuwa kifumba, kilikuwa fundo.

Kwetu iddi ni magoti.
Mdogo humpigia mkubwa magoti, huomba.
Simu ikaegemezwa kwenye mkebe wa sukari,
na mama akapiga magoti mbele ya mkebe wa sukari.
"Nisamehe, ya dhahiri na ya batini."
Mtandao ukakatika. Nyanya akaganda, mdomo wazi,
msamaha ukiwa ulimini.

Basi akabeba vifumba vinne kwenda kwa Bi Mwanatumu,
akapiga magoti pale pale kizingitini,
gauni jipya juu ya mchanga.
"Ewe, inuka! Umenikosea nini?"
"Ya dhahiri na ya batini," mama akasema,
na safari hii ngeli zote zilikaa mahali pake.

Bi Mwanatumu akanyamaza. Upawa ulidondosha mchuzi.
Kisha akasema, haraka, kama mtu anayejitoa mwiba:
"Mwezi wa Rajabu, mwenye nyumba alipokuja
kutaka kuwatoa kwa ajili ya harufu,
ni mimi niliyemwita."

Mama akanigeukia. "Amesema nini?"
Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na lugha tatu,
na zote zilinikauka.
"Amesema iddi mubaraka," nikajibu. "Amesema uinuke."

Bi Mwanatumu alinitazama kitambo,
akakigeuza kifumba mkononi, akauliza
kama jani nalo huliwa.

Mama, hilo sijakuambia.
Sasa wewe umerudi Madura, mimi nimebaki huku,
na iddi yako imetangulia yangu.
Nakuona ukitafuna.
Mkebe ni ule ule, simu nimeshaiegemeza.
Ya dhahiri unayajua.
Ngoja kidogo, nipige magoti.
Usikate.