Vizuizi kwa Penseli

Gari lilikuwa la wagonjwa.
Cirhuza alilinunua kwenye mnada wa misheni, Kavumu,
injini nzima, sakafu imeoza.
Msalaba mwekundu ameupaka kijani mara mbili
lakini jua la saa tisa likiupiga bado unauona,
kama kovu la mtu aliyenenepa.

Tumetoboa dirisha, tumepigilia mbao za mkaratusi.
Jiko la makala litakaa nje. Hilo nimesema, halina mjadala.
King'ora tulikiuza kwa fundi mmoja wa Nyawera
tukapata godoro la inchi sita.

Mimi ni mwalimu wa jiografia.
Miaka kumi na tisa nachora Mikeno kwa chaki,
nachora Karisimbi,
na Rwenzori naiweka juu kabisa, karibu na tarehe,
naisugulia theluji kwa ubavu wa chaki.
Kengele ikilia, nafuta.
Milima yote niliyowahi kuifikia
inatoka kwa kitambaa kibichi.

Hata Kahuzi, tunayoiona kutoka uani hapa Bagira
asubuhi ukungu ukikubali,
hatujawahi kuiendea. Si iko pale tu.

Basi ramani ipo, nyuma ya karatasi ya mfuko wa saruji.
Usiku wa kwanza Tshivanga, karibu na kambi ya walinzi,
tusikie mianzi ikisuguana.
Kisha Kalehe, Nyabibwe, mteremko wa Minova
ambako breki ndizo zitakazosali.
Goma: jibini la Masisi, duara zima, si kipande.
Nyiragongo tutaiangalia kwa mbali,
mama mkwe halali jirani na mlima unaopika.
Rutshuru. Rwindi, kwa ajili ya viboko.
Na Mutwanga, pale kidole cha Nshokano
kilipofika ukingo wa karatasi kikasimama.

"Na vizuizi, mama?"
Vizuizi nimeviandika kwa penseli.
Kalamu ni ya milima.
Njia ikifungwa Julai hii, kuna Julai ile;
sijasikia kiangazi kilichosahau kurudi.

Mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu:
"Konokono naye ana nyumba ya safari.
Umemwona akifika wapi?"
Lakini mapazia ni yeye aliyeyashona,
usiku, akidhani tumelala.

Juzi tulilala humo, palepale uani, kujaribu.
Watoto watatu, miguu imepangana kama kuni.
Saa saba Byenda akagonga bati kwa ngumi zote mbili:
mkewe ameshikwa na uchungu,
pikipiki zimelala, teksi hakuna.

Tukawashusha watoto, masufuria, mfuko wa unga.
Tukampandisha yeye.
Na Cirhuza, baba mzima wa miaka hamsini na mbili,
akatoa kichwa dirishani
akalia wiii-wiii, wiii-wiii, kwa mdomo wake mwenyewe
mteremko mzima, akisimama kuvuta pumzi kwenye kona tu,
na barabara ikampisha:
mbwa wawili, na mlinzi mmoja aliyepiga saluti.

Mtoto hakungoja hospitali.
Alitokea kwenye godoro la Virunga,
chini ya pazia la mama mkwe,
nami nimeshika tochi, namba tisa katika orodha,
mkono ukitetemeka hata kivuli chake
kikawa kikubwa ukutani, kikawa kidogo, kikawa kikubwa.

Asubuhi nimeliegemeza godoro kwenye ukuta, likauke.
Kilomita kumi na moja, kwenda na kurudi.
Nimeishika kalamu, nikaongeza:
shuka mbili. Plastiki ya godoro. Wembe mpya.

Byenda amepita na bakuli la sambaza,
amesimama kwenye ramani kwa muda mrefu,
mikono nyuma, kama mkaguzi.
Anauliza Julai tunaondoka tarehe ngapi,
na kama nafasi ipo,
na viboko, wanaumaga?