Sakri

Jina nililikuta kwenye kibao cha bati
juu ya lango la zizi, nyuma ya mitende ya Barka:
Sakri, yaani kozi. "Dume la madume,"
alisema Bwana Ghasani, akaninyooshea kidole
kile ambacho kila mgeni hunyooshewa,
wakacheka, yeye na wageni wake.

Mimi mzaliwa wa Iramba. Kwetu fisi hupita uani
akatafuna hata kandambili.
Nikamtazama Sakri chakulani: alikula wa kwanza.
Dahmani, na yule asiyepewa jina,
walingoja ukutani, masikio yamelala,
meno nje, lile tabasamu la mwenye deni.
Nikajua. Sikusema.
Mfanyakazi wa mwezi wa pili hamwambii tajiri
kwamba kozi wake ni mama.

Mtaani husema fisi ni huntha. Bibi Nyasinda alikataa:
"Ni mke, ila mlango wake umo ndani ya mkuki.
Hapo anakojoa, hapo anapokea, hapo anazaa,
na haingii dume humo bila kukaribishwa."
Alikuwa akipepeta mtama. Hakuinua macho.

Usiku Sakri aliita. Sauti ilianza chini, mzito,
ikapanda, ikavunjika juu ya kuta za mashamba.
Jirani akapiga simu polisi.
Porini wangeitika dada, shangazi, binti,
kila mmoja na cheo alichonyonya na maziwa.
Hapa kiliitika kiyoyozi.

Siku mia na kumi, kwa chaki, nyuma ya ndoo.
Alipoanza kuhema nilimwita Dakta Zuweina,
koti jeupe juu ya abaya,
na Kiunguja alichoachiwa na mama yake:
"Huyu ndiye mnamwita dume? Yarabi!"

Mkuki ulichanika.
Wa kwanza alitoka kimya, pumzi imekatika kwenye kona.
Njia nyembamba ile; mara nyingi wa kwanza
ndiye anayelipa ili wengine wapite.
Wa pili alitoka mweusi, macho wazi, meno tayari,
akageuka kutafuta ndugu wa kumng'ata.
Hakuna.
Akakishika kiatu changu.

Alfajiri Bwana Ghasani alisimama chini ya kibao
muda mrefu, kama mtu anayesoma hati ya mahakama.
"Na huyu mdogo, dume?"
"Bado hatujui, bwana."
"Lakini si huo hapo..."
Zuweina akacheka mpaka miwani ikadondoka majani.

Kibao hatukukitoa. Mwenyewe hasomi.

Wiki ya tatu nilimwaga nyama.
Mama akala. Kitoto kikachungulia tunduni,
miguu ikiyumba, kikamkazia macho Dahmani,
Dahmani mwenye shingo kama gunia la saruji.

Akarudi nyuma hatua moja.
Kisha, kwa adabu, ya pili.