Moja

"Bibi, nimepata moja ya hesabu!"
Kule Nam Định simu ikanyamaza,
kisha kikohozi, kisha kwikwi.
Moja, kwake, ni ya mtoto aliyesinzia darasani.
Mama yangu alikuwa akimletea kumi,
kumi za wino mwekundu, vidole vimeota sugu.

"Sikia, Bibi. Huku Cheb ngazi imepinduliwa:
moja ndiyo kilele, tano ndiyo shimo."

Sikumwambia habari za ubao:
nasimama peke yangu, Bi Hrdličková anauliza,
wenzangu wanahesabu kigugumizi changu.
Shuleni kwa Mama walisimama wote hamsini,
wakaitikia kwa pamoja,
na aliyekosea akajificha ndani ya sauti.

"Na yule Matouš unayekaa naye?"
"Kapata tano."
"Mlete huku, Thục. Kwetu tano inavuka."
Akacheka, akajifuta, nadhani, kwa upindo wa blauzi.

Mama alikuwa akipanga soksi za kuuza. Hakutia neno.
Asubuhi, kwenye friji,
nikaikuta karatasi yangu imebanwa kwa sumaku,
na kando ya ile moja,
kwa penseli,
sifuri.