Mpangaji Ahamaye Usiku

Chumvi ya Mombasa haina adabu.
Haibishi hodi. Imeingia hadi Shimanzi,
chumba cha mitambo, milango miwili na kufuli,
ikalamba vichwa vya skrubu, ikatafuna feni,
na kabati letu la zamani
limeanza kukohoa.

Zamani dawa ilikuwa moja: kuzima.
"Wateja wapendwa, mtuwie radhi,"
na kuanzia Likoni hadi Mtwapa
tukatukanwa kwa lafudhi zote za pwani.
Mwaka juzi, usiku wa kuamkia Idi,
niliweka nukta pasipostahili nukta.
Kisiwa kizima kikawa bubu hadi alfajiri.
Biriani ya mwaka ule sikuionja.

Sasa ruta si kabati tena.
Kabati ni nyumba, ruta ni mpangaji.
Somo hili nililijua kabla ya chuo,
Majengo, kwa mama yangu, Bi Nyevu:
vyumba sita, ukumbi mmoja,
kila mlango na ufunguo wake.
Wa chumba cha pili akiunguza maharagwe
wa chumba cha tano anakoroma.
Akizidi kuudhi hufukuzwa yeye,
nyumba haibomolewi.

Ndivyo nilivyowapanga ndani ya chuma kimoja:
huyu wa bandari, huyu wa hospitali,
huyu wa simu za ughaibuni,
na mmoja asiyelipa kodi, nakala tu,
ninayemwonjesha kila badiliko kwanza.
Leo jioni nimemuua mara tatu.
Mara ya nne akapumua.
Ndipo nikathubutu.

Saa nane na robo. Fumo ameshika bisibisi,
ananitazama kidole.
Nikabonyeza.

Mpangaji hakujua kwamba amebebwa.
Alibebwa na njia zake zote kichwani,
majirani zake, nani apite wapi, nani azuiwe,
akavushwa daraja hadi kabati jipya la Nyali,
na mwanga ndani ya nyaya
ukageuza uso kumfuata.

Wakati huo, Kisauni, mwanamke hajalala.
Mwanawe yuko Doha, zamu ndiyo imemwisha.
"Umekula" ilipita Shimanzi,
"nini leo?" ikapita Nyali.
Akajibiwa: wali, na samaki asiye na ladha.

Fumo akazima kabati kuukuu.
Tukaketi kusubiri simu ya kwanza ya lawama.
Tukasubiri.
Fumo akaichomoa feni, ina ndevu za kutu,
akaipuliza, ikazunguka nusu, ikagoma.

Asubuhi meneja atauliza usiku kulikuwaje.
Nitasema hakuna kilichotokea,
naye ataandika vivyo hivyo,
kwa kalamu nyekundu, bila kuinua macho.

Nitapitia Majengo kwanza, nimsimulie Mama.
Najua atakunja uso.
Wapangaji wanaohama usiku hawapendi:
husema mtu haondoki gizani
ila ana deni la miezi.
Huyu hana, Mama.
Amelipa hadi senti.
Na chumba amekiacha kimefagiwa.