Mkono Niliotia

Februari ile nilitia mkono.
Sikusoma. Nani husoma kurasa kumi na nne
oveni inalia, wateja saba mlangoni,
na kijana wa vitunguu hajaja?
Nilitia mkono chini, penye mstari,
nikaondoka. Mkono ukabaki mle.

Miaka tisa niliongoza tawi la Otto
hapa Duluth, penye mteremko.
Otto mwenyewe hakuna aliyepata kumwona.
Jina lake tulilikodi, na sharubu zake ubaoni,
na kipimo chake cha haradali:
mistari miwili, si mitatu.

Nilipoacha kazi (goti, na meneja wa kanda,
zaidi yule meneja wa kanda)
barua ya wakili ikanifuata.
Miaka miwili. Maili kumi.
Nisiuze, nisisimamie, nisisaidie kuuza
chochote kilalacho kati ya vipande viwili vya mkate.
Na maili hizo si kutoka tawi langu tu,
ni kutoka kila mlango wenye sharubu.
Kumbe siku ile nilikula kiapo
cha kutolisha watu.

Nikatandaza ramani mezani,
nikafudikiza gilasi ya maziwa, nikaizungushia kalamu:
hapa, na Hermantown, na ng'ambo ya daraja,
duara juu ya duara,
kama meza ya walevi isiyo kitambaa.
Palipobaki peupe ni katikati ya ziwa.
Verlin, mume wangu, akacheka:
"Ngoja barafu ishike, ukafungue huko."
Mimi sikucheka. Nilikuwa nakisia
unene wa barafu, uzito wa oveni.

Sasa nahesabu matairi ghalani.
Tairi halimtii mtu njaa.
Jioni nanusa vidole: kitunguu kingalipo,
miezi mitano, na sabuni zote hizo.
Mkono mtupu haulambwi, ndiyo,
lakini wangu si mtupu. Umefungwa.

Kisha akafa Orpha Lindqvist, nyumba ya tatu.
Chini ya kanisa, wanawake wakanitazama.
Watu mia na ishirini watakula baada ya kaburi.
Hakuna aliyesema neno.
Wakanisogezea kisu.

Kisu hakikusoma mkataba.
Kilikimbia. Vitunguu vikawa vyembamba
hata ungeona saa ya ukutani kupitia kwavyo.
Nikapanga, nikapaka haradali:
mistari mitatu. Mitatu!

Kwenye foleni nikamwona Tanner Maki,
aliyerithi funguo zangu,
tai ya kuazima, kola inamkaba.
Akachukua mmoja. Akauma. Akasimama.
Akanitazama juu ya mkate.
Nikapima kichwani: toka hapa hadi dukani,
maili moja na robo.

Akameza.
Akainama kama wa kutoa pole,
akanong'ona: "Upo mwingine?"

Nikampa.
Andika hivyo, wakili, neno lenyewe:
nikampa.