Umri wa Maji

Maji nayo huzeeka, Sihaba. Usinicheke.
Sogea uone: kila mstari humu ni bomba,
kila nukta njia panda, na rangi ni saa.
Yakitoka tangini Bopwe yana ukali wa ndimu.
Yakifika Jadida yameshakula nusu siku.

Huko njiani dawa hupungua. Haimwagiki, haiibiwi:
hujigawa kwa kutu, kwa utelezi wa ukuta wa bomba,
kama mgeni anayeaga kila mlango,
hata afikapo kwao
hana neno alilobakiza.

Nilikokotoa wiki tatu.
Hesabu ikanambia: Limbani, nukta ya mia mbili na kumi na mbili,
sifuri nukta mbili. Yatosha, mtoto hatoumwa tumbo.
Nikalala.

Alfajiri nikenda na kichupa na unga wa kupimia.
Maji yenye dawa huona haya, huiva waridi shavuni.
Nikatikisa. Nikangoja.
Hayakuona haya.
Nikaona mimi.

Bi Mize alikuwa mlangoni na kata yake.
"Haya yamelala bombani siku mbili, mwanangu.
Juzi umeme ulikwenda zake, pampu ikanyamaza,
na sie tukanyamaza nayo.
Mimi nishachemsha. Mtungi nimeufukiza ubani.
Hiyo dawa yenu twaisikia kwa watu wa juu."

Usingizi!
Katika hesabu zangu zote
sikuyapa maji ruhusa ya kulala.
Pampu yangu huvuma usiku kucha, haijui mgao;
mji wangu hauna mtu anayejaza pipa saa tisa za usiku
kwa kuwa ndipo yanapotoka.

Nikiongeza dawa tangini, wa Bopwe watalalama
chai yao yanuka hospitali.
Nikiacha, Bi Mize atanunua kuni.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake, walisema.
Wingi naujua, Sihaba, nimeupima kwa lita.

Basi andika. Si humu, kwenye daftari, kwa wino:
Limbani, nyumba ya mwisho, mfereji wa uani,
saa kumi na moja na robo.
Rangi: hamna.
Umri wa maji: kompyuta yasema saa kumi na tisa.
Hapo kata.
Andika: muulize Bi Mize.