Behewa Namba Kumi na Saba

Jana lilikuwa jipya: njiti za kiberiti,
bati la kopo la dagaa, ribiti
alizozibinya moja moja kwa ncha ya sindano.
Leo Idwal analizeesha. Chai ya rangi kwenye mbao,
masizi, siki usiku kucha hadi bati liote kutu.

“Mtu na akili zake,” asema Nesta, “kuchakaza kipya!”

Nje, mvua ya Wales yachapa mapaa ya mawe.

Hajibu. Kwa koleo anabonyeza ubavu wa kushoto,
kidogo,
pale lilipombana baba yake mkono na mwamba,
akarudi nyumbani na vidole vitatu.

Kisha analipandisha kwenye reli
zilizoachana upana wa ukucha,
analisukuma,
na kabla ya kona
analizuia kwa kidole gumba.